Kiti cha Kumi na Nne

Kamati ya jubilei walikuja karakanani kwangu watatu: mhazini, mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na kijana ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha kila kitu kwa simu. Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2025 na Mafinga ilishaanza ile baridi ya kumkata mtu masikio. Walitaka kiti cha kuadhimishia misa, chenye mgongo mrefu na mikono, zawadi ya waamini kwa Baba Vika, padre msaidizi wa askofu, anayetimiza miaka 25 ya upadre.

"Tumeambiwa Fundi Frateri ndiye anayejua vitu vya kanisa," akasema yule mama.

Ukishapita seminari kuu, hata ukatoka kabla ya daraja la upadre, jina la Frateri unazikwa nalo. Mimi nimetoka miaka 26 iliyopita na hadi wauza maandazi wa stendi wananiita hivyo. Nikawauliza huyo Baba Vika ana umbo gani, mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Mhazini akasema ni mtu wa kawaida tu. Nikaandika kwenye kipande cha ubao: mtu wa kawaida. Mkono wangu haukutetemeka, nilihakikisha.

Sasa nieleze kabla hamjaanza kuulizana. Cheo chake nimekisogeza ngazi moja, sitasema juu au chini. Jimbo ni mojawapo ya haya yetu ya Nyanda za Juu Kusini, liacheni hapo. Namba nitakazotaja si zenyewe. Na mimi simo kwa jina, sababu mnaijua: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, cha makosa ya kinyume na maumbile, kinaanzia miaka 30 na kinaishia maisha. Makali hayo yaliongezwa mwaka 1998, sisi tukiwa ndani ya ukuta tunasoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino.

Seminari nguo zote zilikuwa na namba, zimeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye ukosi. Yangu 41, yake 14. Masista wa dobi walikuwa wazee, macho yamechoka, wakageuza tarakimu. Wiki ya tatu nikapewa sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, mikono yake mirefu inanifika kwenye vidole. Nilipokwenda kulirudisha nikamkuta mwenyewe amekaa kitandani amevaa soksi zangu. "Nilijua utakuja," akasema, "soksi zina tundu, nikajua mwenye nazo hawezi kuziacha." Toka hapo nikamwita Kumi na Nne, naye akaniita Arobaini na Moja, na kwa kuwa wengi walikuwa na majina ya utani hakuna aliyeshangaa.

Alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mimi Mhehe wa Mufindi. Alisoma vizuri kuliko darasa zima. Chakula cha mchana tulikula kimya huku mmoja wetu akisoma kwa sauti maisha ya watakatifu, na zamu yake ikifika hata vijiko vilipungua kelele. Lakini alikuwa na ila moja niliyoigundua mimi peke yangu. Akifika mahali asipopaamini, husafisha koo. Mtakatifu amekatwa kichwa, akakiokota, akatembea nacho mkononi huku kinahubiri: ehem. Nilikuwa nikiingoja ile ehem na ugali wangu unapoa.

Saa tisa alasiri ilikuwa manualia, kazi za mikono. Wengine bustani, wengine nguruwe. Sisi tulipangiwa useremala kwa bruda mmoja mzee, hodari wa randa, masikio yamekwisha, ambaye baada ya nusu saa alisinzia kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kila ninachokijua cha mbao nilijifunza kwake. Na kingine nacho nilijifunza pale, maranda yakiwa yametufika kwenye vifundo vya miguu. Siku ya kwanza Kumi na Nne aliponishika uso, vidole vyake vilikuwa na gundi. Ilinikaukia shavuni. Nilikwenda nayo kanisani, nikakaa nayo Masifu ya Jioni yote, sikuibandua. Zaidi ya hapo siandiki, si kwa aibu, ni kwa sababu kuna vitu nikiviandika vitakuwa vyenu.

Walezi walikuwa na jina la jambo letu. Waliliita urafiki wa pekee. Kanuni yake ilikuwa fupi: wawili kamwe, watatu daima. Matembezi ya Alhamisi msitoke wawili. Basi tukamtafuta wa tatu, frateri mmoja mpenda usingizi, Mungu amweke, sasa ni paroko mahali pa mbali. Tukifika msitu wa milingoti alitandika koti lake na kulala mpaka kengele. Kanuni haikuvunjwa hata siku moja.

Desemba 1996 nikaenda kwao likizo. Basi lilitushusha Tukuyu mvua inanyesha kama haijawahi kunyesha, na mama yake akatupokea kwa ndizi na maziwa ya mgando na "ndaga fijo", asante sana, zisizohesabika, eti kwa kuwa nimemletea mtoto salama, wakati ndiye aliyenileta mimi. Jioni babu yake akatueleza habari za zamani, jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa wazazi wao na kujenga vibanda vyao pembeni, wakakaa pamoja hadi utu uzima, kijiji cha rika. Katika maneno yake kulikuwa na neno moja lililorudi rudi: ukwangala. Nikamwuliza Kumi na Nne maana yake. Akafikiri. "Si kucheza, si kupiga soga," akasema. "Ni kukaa vizuri na mwenzako, mnakula, mnaongea, mtu anachangamka kwa sababu mwenzake yupo."

Babu hakuwa anatusema sisi, na nisimsingizie marehemu. Ila nililichukua neno lile nikaondoka nalo, maana sikuwa na jingine. Kiswahili kina shoga, ambalo mwanamke wa pwani alimwita rafiki yake wa kike kwa mapenzi tu, na leo limekuwa jiwe la kurushia watu. Katekisimu ina lake, refu na baridi. Seminari ilikuwa na urafiki wa pekee. Kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hata kuamkia vizuri sijui, ndiko nilikopata la kwangu.

Februari 1999 Gombera, mkuu wa seminari, akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi iliyopitishwa chini ya mlango wake, haina jina la mwandishi. Ilinitaja mimi tu. Aliyeandika aliona mmoja, au alimhurumia mmoja, sijui. Padre Gombera hakufoka. Aliniuliza swali moja, akalirudia kwa upole mara tatu: "Na mwingine ni nani?"

Nikamwambia hakuna mwingine, na kwamba nimeona sina wito. Akanipa karatasi nyingine, nikasaini. Nikapewa nauli na hela ya kula njiani. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, wenzangu wote kanisani. Nikapita chini ya dirisha na sanduku langu la bati, na sauti iliyokuwa inasoma somo fupi la Masifu ilikuwa yake. Zamu yake. Nikasimama nikamaliza kusikiliza. Alijua, kwa sababu seminari nzima ilishajua tangu mchana. Akasoma mpaka mwisho, hakutoka, nami nikaenda barabarani kusubiri gari.

Nyumbani walidhani nimempa binti wa watu mimba. Baba alisubiri mtoto aletwe kwa kama miaka miwili. Kila mgeni akibisha mlangoni, mzee anainuka. Nadhani angefurahi.

Yeye akapewa ushemasi Desemba mwaka ule ule, na upadre Julai 2000, mwaka wa Jubilei Kuu. Nilikwenda. Nikasimama nyuma na wauza picha na rozari, nikamwona amelala kifudifudi wakati wa litania, nyayo za viatu vipya zikionekana. Baadaye akapelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Nilisikia kwa watu, kama mtu anavyosikia bei ya mahindi. Mimi nikafungua karakana. Msitu wa Sao Hill uko jirani, mbao za msindano haziishi, na watu wanazaliwa na kufa, vitanda na majeneza vinatoka. Sikuoa. Shangazi aliacha kuuliza alipofika miaka sabini. Mtaani wanasema Fundi ameoa mbao, nami nacheka nao, maana si uongo kabisa.

Miaka ishirini hatukuongea. Halafu Oktoba 2019, Jumapili, ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Namba yangu iko kwenye kibao cha karakana, kila mtu anaweza kuipata. Iliandikwa: "Tafuta Newman. Kaburi." Basi.

Siku hiyo Papa Fransisko alikuwa amemtangaza mtakatifu Kardinali John Henry Newman, Mwingereza. Nikatafuta kwenye simu. Mzee yule aliishi na padre mwenzake, Ambrose St. John, zaidi ya miaka 30. Ambrose akafa 1875. Newman akapewa ukardinali 1879 na Papa Leo wa XIII, akafa 1890, na kwa agizo lake mwenyewe aliloliandika kwa mkazo, akazikwa ndani ya kaburi lile lile la Ambrose. Mwaka 2008 Kanisa likaamua kulifukua ili mabaki yake yahamishiwe mjini, mahali pa kuheshimiwa na watu. Wakachimba. Wakakuta vipande vya mbao, vitambaa na shaba ya jeneza. Mwili haukuwepo, hata mfupa. Ardhi yenye maji ilikuwa imemaliza kila kitu, na hakukuwa na namna tena ya kuwatenganisha.

Walikuwa nini wale wawili, sisemi, wasomi wenyewe wanagombana. Mimi kama fundi nilianza na jeneza. Nikawaza walitumia mbao gani ile isiyodumu hata miaka 120. Nikawaza ningetumia mkongo, mbao isiyooza upesi. Halafu nikawaza, ah, kumbe mkongo ungeharibu. Sikujibu meseji, ila niliihifadhi.

Nije kwenye sauti, maana hapa ndipo nilipokasirika, na sijamaliza. Desemba 2023 Roma walitoa hati ya Fiducia Supplicans, inayoruhusu padre kuwabariki watu walio katika uhusiano wa jinsia moja, baraka fupi, bila ibada, isifanane na ndoa. Januari 11, 2024, maaskofu wa Afrika na Madagaska, kwa sahihi ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakajibu kwamba kwetu baraka hizo hazitatolewa. Kila parokia ikawa na la kusema. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ndogondogo ikapita sauti ya dakika 11, mahubiri ya Baba Vika. Akaeleza vizuri mno, kwa mpangilio, kama mwanasheria. Akasema "watu hao" mara nyingi. Watu hao tuwaombee. Watu hao wasidanganywe. Chini ya sauti, akina mama wakaweka mikono ya kupiga makofi.

Niliisikiliza mara nne usiku ule, simu nimeibandika sikioni. Sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nangoja ile ehem. Hakusafisha koo hata mara moja.

Basi, Juni akaja kupimwa. Sikumwita, niliiambia kamati kwamba kiti cha aina hii lazima nipime mtu, na ni kweli, ingawa vingine nimetengeneza bila kupima. Akashuka kwenye gari na dereva wake. Nywele zimeanza mvi, tumbo limekuja kidogo, shingo ile ile.

"Kamwene, Baba," nikasema.

"Kamwene, Fundi."

Dereva akaomba kwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Tukabaki na msumeno uliozimwa na redio ya jirani. Nikamwekea kigoda, nikamwambia akae wima, nikatoa futi. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, sentimita 46. Nyonga, 41, namba ile ikanifanya nipime tena. Mgongo hadi mabegani, 63. Kila kipimo nilikiandika kwenye ubao kwa penseli, mgongo wangu nimemgeuzia, kwa sababu ya uso wangu. Nilipopitisha futi nyuma ya bega lake la kushoto akavuta pumzi, akasema taratibu, "Arobaini na Moja."

"Usitikisike," nikamwambia.

Akaongea akiwa ametazama ukuta. Akasema mwaka 2005, akiwa Roma, Kanisa lilitoa maelekezo kuhusu nani asipokelewe seminari, na mle ndani kuna mahali pamesemwa kwamba kama ni mwelekeo wa kupita tu, uwe umekwisha walau miaka mitatu kabla ya ushemasi. Aliisoma maktabani. "Nikahesabu kurudi nyuma," akasema. "Desemba 1999, toa miaka mitatu. Tulikuwa Tukuyu, tunakula ndizi za mama." Akacheka kidogo. Anajua sheria, anajua waraka ule hauwezi kutengua daraja lililokwisha kutolewa, lakini anasema siku ile alitembea kutoka maktaba mpaka bwenini kama mtu aliyetoka kuambiwa hati ya nyumba yake ina kasoro.

Nilikuwa na maswali ya miaka 26. Ningemwuliza ile jioni ya Februari, dirisha, somo fupi. Likatoka jingine.

"Ile sauti ya Januari," nikasema. "Mbona hukukohoa?"

Alinyamaza mpaka nikadhani hakuelewa. Alielewa.

"Nilikunywa maji kwanza," akasema.

Dereva akarudi anafuta midomo. Baba Vika akasimama, akanishukuru kwa sauti ya watu wote, akanibariki kwa ishara ya msalaba kama anavyombariki yeyote. Baraka fupi, bila ibada.

Hadi leo sijui kama lile la maji lilikuwa utani, ungamo, au kichaka cha kujifichia. Nimelifikiria nikiranda. Kuna siku nalisamehe na kuna siku nataka kulipigia msumari. Mnaonijua mnajua mimi si adui wa Kanisa. Magoti ya nusu ya parokia hii yanapiga kwenye mabenchi niliyoyatengeneza mimi, na Jumamosi nipo jumuiya na rozari yangu. Ninachokataa ni "watu hao". Kama angesema hapana kwa kutumia "sisi", hata kama watu wangedhani ni sisi ya kimahubiri tu, ningeweka na mimi kikono cha makofi.

Kiti nilikifanya kwa mninga wa Mpanda, si msindano, na hela ya tofauti nikaimeza. Hakina msumari hata mmoja, ni ulimi na tundu, kama bruda alivyotufundisha. Nilimaliza kupiga msasa usiku wa manane siku mbili mfululizo. Najua mnangoja niseme nilichonga namba mahali chini ya kiti. Sikuchonga. Chini niliacha mbao tupu bila vanishi, kama ninavyoacha kwenye viti vyote, ili mbao ipumue.

Jubilei ilikuwa Jumapili ya katikati ya Julai, baridi, jua kali. Walikileta kiti kwenye maandamano ya vipaji, wamekibeba vijana wanne wanacheza, MC anapiga kelele kwamba ni kazi ya mikono ya mwana Mufindi. Kabla yake walipita ng'ombe, mbuzi, mablanketi, keki ya ghorofa tatu. Kikawekwa, kikabarikiwa, akakaa. Nilijua kabla hajakaa kwamba ataegemea kushoto, na kushoto nilikuwa nimeulaza mgongo kidogo kwa ajili hiyo. Akaegemea. Nikaona mabega yanashuka.

Kwenye shukrani zake akamtaja Mungu, askofu, mama yake marehemu, walezi, wenzake wa darasa waliopata upadre na waliorudi nyumbani. Halafu akasema, "Katika miaka hii 25 sijawahi kujuta hata siku moja."

Ehem.

Mama mmoja wa mbele akainuka haraka akampelekea chupa ya maji, na vigelegele vikafunika kila kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma tena, safari hii nikiwa na mvi na mfuko wa misumari ambao sijui kwa nini niliubeba kanisani.

Kamati wanadaiwa shilingi 140,000 mpaka sasa. Mhazini ananiambia michango haijakamilika, halafu ananiambia, "Si umpigie Baba Vika mwenyewe, mnaonekana mnaheshimiana." Namba ninayo. Sijapiga.

Alhamisi ya Julai 31 nikasoma kwenye simu kwamba Papa Leo wa XIV amekubali Newman atangazwe Mwalimu wa Kanisa. Leo mmoja alimpa kofia ya kardinali, Leo mwingine anampa ualimu. Nikaweka randa chini. Nikaiweka simu juu ya meza ya kazi, kioo juu, nikakaa. Maranda yalikuwa yamejaa, nikayafagia. Nikachemsha chai. Saa moja na robo jioni ikaita, nikaifikia kabla ya mlio wa pili.

Alikuwa mhazini. Amepata elfu sabini, anauliza aitume kwa namba hii hii.